Kiwanja Kitupu, Sehemu ya Saba

Juma lililopita tulimwacha Timazi ameketi katikati ya msingi wake, mwiko mkononi, na katapila imeinua kijiko hatua tano kutoka puani mwake.

Kijiko hakikushuka.

Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Alimtazama mwanamke yule aliyekaa juu ya zege kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, akaona hana dalili ya kuondoka, akazima injini. Akashuka taratibu, goti moja likimlalamikia, akamfikia na kumpa karatasi. Kisha akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu: akasogea upande wa jua, ili kivuli chake kimwangukie Timazi anaposoma.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Kiwanja namba arobaini na moja kilikaguliwa siku ya kusitishwa ujenzi, kikakutwa kitupu. Sasa kina msingi. Msingi huo umejengwa baada ya amri, kwa hiyo uvunjwe leo kabla ya saa sita mchana.

Timazi alisoma mara mbili. Mara ya pili alisoma neno moja tu. Kitupu.

Anayeanza kutusoma leo asibabaike. Timazi ni fundi mwashi, mwanamke wa miaka hamsini na minne, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hajawahi kupandisha ukuta bila kuning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, mara tatu. Miaka thelathini amewajengea watu. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa kichwani tu, hadi mwaka huu. Ni vyumba viwili, tena si vikubwa. Anavijenga kwa ajili ya mama yake mzazi, anayeishi naye katika jengo la kupanga, orofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili juu ya ardhi. Magoti ya bibi huyo yaligoma miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hajakanyaga udongo. Hana madai mengi. Alimwambia bintiye, "Nataka mlango mmoja tu, nikiuvuka nikanyage chini."

Ofisi za mji zilipotangaza kwamba kwa miezi sita hakuna nyumba mpya itakayoanzwa, ili wataalamu wapate nafasi ya kupanga jinsi mji utakavyokua, mafundi wengi walitukana redio. Timazi alipiga makofi. Yeye ndiye aliyekuwa akichota maji mara mbili kwa juma, kwa sababu bomba lililowekwa kwa ajili ya watu elfu kumi lilikuwa likinywesha elfu hamsini. Yeye ndiye aliyeruka majitaka mlangoni kila asubuhi akienda kazini. Mji ni kama ukuta, alisema, ukiupandisha kwa pupa utakuja kulala juu ya watu.

Tena tangazo lenyewe lilikuwa na huruma. Msingi wowote uliokuwapo siku ya amri ungeandikwa, ungepigwa alama ya kijani, na mwenyewe angeendelea kujenga. Wa Timazi ulikuwapo. Alikuwa amemwaga zege siku tatu kabla.

"Mchanga," alisema sasa, kwa sauti ndogo.

Dereva hakuelewa. Ikabidi aelezwe. Fundi hasara humwaga zege akaliacha juani, na kabla ya juma kwisha limepasuka kama kisigino. Timazi hulifunika. Kwanza magunia mabichi, kisha mchanga unene wa kiganja, kisha maji, asubuhi na jioni, siku saba. Zege halikauki, huwaambia wanaojifunza kwake, zege linakomaa. Siku mkaguzi alipopita, msingi ulikuwa chini ya mchanga, unalelewa. Mkaguzi akaona mchanga, akaandika kitupu. Siku saba zilipotimia mchanga ukaondolewa, msingi ukaonekana na kila apitaye njia, na sasa mtu mwenye wivu wake amepiga simu kusema kuna jengo jipya limechipuka.

Uangalifu wake ndio uliomponza. Angekuwa mvivu, leo angekuwa na alama ya kijani.

Hasira ilianzia kwenye nyayo. Aliisikia ikipanda kama maji kwenye tofali kavu.

Dereva alivua kofia, akajikuna kichwa. "Mama, mimi kazi yangu kijiko. Karatasi ikisema vunja, navunja. Nisipovunja mimi, ataletwa mwingine ambaye hatazima injini." Akaigeukia mashine yake, akaitazama kwa muda. "Ila mashine hii ina maungio mengi, na leo sijaitia grisi hata tone. Nikiitia inavyotakiwa, ungio kwa ungio, sidhani kama nitamaliza kabla ya saa sita."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Akampa chupa yake ya maji, akachukua bomba la grisi, akaingia uvunguni mwa mashine kama mtu aliyeamua kuhamia huko.

Timazi akasimama.

Kwenda ofisi za mji ni lazima upite kiwanja namba arobaini. Hapo mwenyewe ni Bwana Haraka, mjenzi wa maghorofa, yule ambaye tangu sehemu ya pili amemfuata Timazi mara tatu akitaka kuuziwa kiwanja chake, na mara tatu akarudishwa na salamu zake. Kwenye kigingi cha mbele cha kiwanja cha Haraka palikuwa na alama ya kijani, mbichi, inang'aa.

Timazi alisimama, akaangalia kile kilichoitwa msingi.

Matofali yalikuwa yamepangwa mistari mirefu, ya juu yakiwa yamekalia ya chini, yamenyooka kwa macho ya mpita njia. Alikumbuka siku yalipopangwa. Ilikuwa alasiri moja tu, siku moja kabla ya mkaguzi kupita. Vibarua wanane walikuwa wakikimbizana kama wanaohamisha vyombo mvua ikinyesha. Yeye alikuwa upande wa pili akimwagilia mchanga wake, akawacheka, akidhani wanapanga mzigo uliotoka kiwandani.

Akaingia. Akashika tofali la pembeni, akalivuta. Likatoka. Hapakuwa na saruji, si chini, si ubavuni. Akavuta la chini yake. Nalo likatoka, na chini yake palikuwa na majani, yamelala, ya njano, mengine yameng'ang'ania tofali kwa mizizi. Mdudu mmoja mweusi akakimbia kutafuta nyumba nyingine.

Kwa hiyo hiki kilikuwa msingi, na cha kwake kilikuwa kiwanja kitupu.

Akalibeba tofali lile begani, na majani yake, na udongo wake, chupa ya maji ya dereva mkono wa pili.

*

Foleni ya ofisi za mji ilianza barabarani. Wengi walikuwa na karatasi kama yake. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa akijipepea kwa karatasi hiyo hiyo iliyosema nyumba yake ivunjwe. Kijana muuza vioo, aliyekuwa karibu na mlango, alimwona Timazi akija na tofali begani, akashindwa kujizuia.

"Mama, hilo tofali nalo limekuja kuomba kibali?"

"Lenyewe limeshapata," Timazi akajibu. "Mimi ndiye sina."

Watu walicheka, kicheko cha watu wenye hasira, kisicho na meno. Wakataka kujua. Akawaeleza kwa maneno machache, akawageuzia tofali waone majani. Kicheko kikakatika. Mjamzito yule akasema apite mbele, na mtu wa mbele yake akasema hivyo hivyo, na muuza vioo akamshikia mlango. Watu waliokuwa hapo tangu alfajiri walimwachia njia mtu aliyefika sasa hivi. Nimeyaona mengi, lakini foleni inayojifungua yenyewe ni jambo la kukumbuka.

Karani wa mlangoni alitaka kusema kuwa matofali hayaruhusiwi ndani. Akatazama uso wa Timazi, akaona kazi yake haimlipi kiasi hicho.

Chumba cha mwisho kwenye ukumbi ndicho cha mkuu wa mipango. Mji mzima ulimwita Bibi Ramani, kwa kuwa hakuonekana mahali bila ramani kwapani. Alikuwa msichana bado, hajafika thelathini na tano, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Meza yake yote ilikuwa imefunikwa na ramani moja kubwa ya mji, iliyojaa mistari ya penseli. Kikombe cha chai kilikuwa kimepoa kwenye ukingo wa dirisha.

Timazi alipotaka kulitua tofali, Bibi Ramani aliinuka mwenyewe akamsaidia, wakaliweka pamoja juu ya kona ya meza, juu ya ramani. Hakuuliza kwanza. Alimvutia kiti. Ndipo akauliza hili ni nini.

"Huu ndio msingi wa Bwana Haraka," Timazi akasema. "Nimekuletea kipande."

Akaeleza yote, na sauti yake, ambayo kwa miaka thelathini ilizoea kushinda kelele za mashine ya kuchanganyia zege, ikafika hadi kwenye foleni. Alisema hajaja kupinga amri. Alipiga makofi kwa ajili ya amri. Kama ni ujenzi kusimama miezi sita ili mabomba yawawahi watu, na usimame hata mwaka. Ila amri haina macho yake yenyewe. Inatumia macho ya watu. Na kama macho yanaona majani yakaandika msingi, yakaona msingi yakaandika kitupu, basi kilichosimamishwa si ujenzi. Waliosimamishwa ni wajenzi wa kweli.

Bibi Ramani alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akajitetea, na haki yake tuiseme. Wakaguzi walikuwa wanne, viwanja mia sita, siku mbili. Walitembea kwa miguu. Alijua makosa yangetokea, akaomba wakaguzi zaidi, akaambiwa hakuna. Timazi akamwambia kuwa tarehe ya kumwaga zege ameichora kwa msumari kwenye kona ya msingi, kama afanyavyo siku zote. Bibi Ramani akatikisa kichwa kwa masikitiko. Msumari hauli kiapo, alisema, yeyote anaweza kuchora tarehe aitakayo. Kitu kimoja tu kingeweza kuibadili orodha: mkaguzi aliyeiandika akiri kwa mkono wake kwamba aliandika kisicho kweli.

"Basi muite," Timazi akasema. "Nataka nimwone huyo asiyejua mchanga wa kufunikia zege. Nimfundishe leo, bure."

Bibi Ramani akafungua jalada, akashusha kidole hadi namba arobaini na moja, akasoma jina la mkaguzi.

Timazi alilijua jina hilo kabla halijaisha kutamkwa.

Hakuna aliyemwita hivyo kazini. Walimwita Tofali Moja. Alikuja kwake zamani akiwa mwembamba kama fito, na kwa juma zima la kwanza, wenzake wakibeba matofali mawili mawili, yeye alibeba moja. Wakamtania hadi jina likamganda. Alikaa na Timazi miaka sita. Alikula sahani moja na watu wa nyumbani kwake. Alipotaka kwenda kusomea ukaguzi, Timazi ndiye aliyemwandikia barua ya kumdhamini, kwa mwandiko wake mbaya, akaifuta na kuiandika upya mara nne.

Mtu huyo alimwagilia zege la Timazi miaka sita. Hawezi kuuona mchanga uliotandazwa juu ya msingi akadhani ni mchanga tu. Hata akiwa usingizini.

Kwa hiyo halikuwa kosa.

*

Tofali Moja aliingia na kalamu sikioni. Alimwona Timazi, akaishika kalamu kama mtu anayetaka kuificha.

"Shikamoo, Mama Fundi."

Timazi hakuitikia. Katika maisha yake yote hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu ianguke chini. Hii aliiacha.

"Uliona nini kiwanjani kwangu?"

Kijana wa jana, sasa mtu mzima na shati lenye nembo ya mji, alitazama sakafu. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasorobo.

"Niliona mchanga."

"Ukafanya nini?"

"Nikachomeka kidole. Ulikuwa umeloa. Nikajua chini kuna zege la siku mbili tatu. Nikajua umeshaanza kumjengea bibi, mama yako."

Bibi Ramani akaweka jalada chini polepole. Timazi akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ulijua."

"Nilijua, Mama Fundi."

"Ukaandika kitupu."

"Nikaandika kitupu."

Mkono wa Timazi ulipanda wenyewe. Ulikuwa mkono wa kubebea kilo ishirini, na Tofali Moja hakurudi nyuma hata kidogo. Alifumba macho tu, akausubiri. Hilo ndilo lililouzuia mkono. Mtu aliyehongwa hurudi nyuma.

"Nani alikulipa?"

"Hakuna," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nilikuficha."

Ikamtoka yote. Walipotumwa kwenda kukagua, hawakuambiwa sababu. Waliambiwa tu, andikeni kila msingi mnaoukuta. Miaka miwili nyuma walitumwa vivyo hivyo upande wa mlimani, wakaandika kila msingi kwa uaminifu, na juma lililofuata makatapila yakapanda mlima na orodha ile ile mkononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika. Wazee walimlaani kwa jina. Kwa hiyo mara hii alipofika namba arobaini na moja akaukuta mchanga umeloa, moyo ukamwambia asimpeleke Mama Fundi kwenye orodha ya kuvunjiwa. Akaandika kitupu, akaenda zake, na siku hiyo alilala vizuri. Asubuhi yake ndipo redio ikatangaza kwamba walioandikwa ndio waliosalimika.

Alitaka kusahihisha. Akaambiwa na wenzake kuwa kubadili fomu iliyokwishapigwa muhuri ni kughushi, na anayeghushi hufukuzwa. Ana watoto wawili wadogo. Akangoja, akijidanganya kwamba hakuna atakayegundua msingi.

"Nilidhani nakulipa wema, Mama Fundi."

"Umenificha kaburini," Timazi akasema.

Na hasira ya Timazi, iliyotembea barabara nzima ikitafuta mtu, ilimkuta mtu huyu, na mtu huyu alikuwa amekosea kwa kumpenda. Haikujua itue wapi. Ilizunguka chumbani mle kama nyigu. Kisha ikaliona tofali juu ya meza.

"Subirini," alisema. "Wakaguzi hamkuambiwa kwamba wenye misingi watasalimika?"

Tofali Moja akasema hakuna aliyeambiwa, si yeye wala wale watatu.

"Redio ilisema lini?"

Siku moja baada ya ukaguzi.

"Na Bwana Haraka alipanga matofali yake siku moja kabla ya ukaguzi. Vibarua wanane, alasiri moja." Akamgeukia Bibi Ramani. "Binti, mkaguzi hakujua. Redio haikuwa imesema. Yeye alijuaje?"

Bibi Ramani alisema jambo hilo, kabla ya tangazo, lilijulikana ndani ya chumba hiki tu. Watu watatu. Mmoja ni yeye. Wale wawili wengine hakuwataja.

Saa tano na nusu.

Tofali Moja aliivuta fomu ya masahihisho bila kuambiwa. Bibi Ramani akamwonya, kwa upole lakini bila kumficha, kwamba sahihi hiyo inaweza kumtoa kazini. Akajibu kuwa anajua. Akaandika mistari mirefu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake: kwamba msingi ulikuwapo, kwamba aliuona, kwamba alidanganya kwa kusudi, kwamba mwenye kiwanja hakumwomba wala kumlipa. Akatia sahihi. Akavua kitambulisho cha shingoni, akakiweka juu ya fomu.

Bibi Ramani akapiga muhuri. Kitambulisho akakitia kwenye droo, akamwambia kwamba barua ya kumsimamisha kazi ataiandika mwenyewe, na ataandika ndani yake hata lile la mlimani, na hata kwamba wakaguzi walitumwa kama vipofu. Kisha akainua simu, akaomba aunganishwe na dereva wa katapila aliyeko namba arobaini na moja. Akasema maneno manne. Akasikiliza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

"Anasema amebakiza maungio mawili," alimwambia Timazi, "na kwamba hajawahi kuona mashine inayohitaji grisi kiasi hiki."

Timazi alikaa. Kiti kilikuwa bado kimelala chini, kwa hiyo alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na hakuna aliyemwambia ainuke. Aliuona mlango. Mlango mpana, wa kupita kiti cha magurudumu, kizingiti chake kimelazwa usawa wa ardhi, na mguu wa mama yake unatafuta udongo kama mguu wa mtoto anayejifunza kutembea. Tofali Moja akachuchumaa mbele yake. Akampa ile chupa ya maji ya dereva, iliyokuwa imedondoka karibu na kiti.

Timazi akanywa. Akamrudishia nusu.

"Marahaba," akasema.

*

Ingekuwa hadithi nyingine, tungeishia hapo na kwenda kupika.

Timazi aliinuka, akajipangusa, akaomba ruhusa ya kuondoka na tofali lake. Alitaka walioko kwenye foleni walione tena. Alitaka wote wenye karatasi waende kuangalia vizuri matofali ya majirani zao wenye alama za kijani. Hasira yake haikuwa imepoa. Ilikuwa imekomaa.

Akalishika tofali kwa mikono miwili, akalinyanyua kutoka kwenye ramani.

Chini yake palibaki udongo na majani mawili ya njano. Akayapuliza, kwa kuwa hakutaka kuichafua kazi ya mtu. Ndipo akaona mstari.

Ulikuwa mstari mwekundu wa penseli, mnene kuliko mingine yote. Aliufuata kwa kidole kutoka juu ya mji. Akauliza ni wa nini, na Bibi Ramani akasema ndilo bomba kuu jipya la majitaka, lenyewe ndilo sababu ya miezi sita yote hii, na kila kilicho juu ya njia yake kitaondolewa, chenye kibali na kisicho na kibali. Alisema hivyo huku akitafuta kitu kwenye droo, hakuwa akitazama.

Kidole cha Timazi kiliendelea. Mstari ulishuka umenyooka, kama kamba ya fundi iliyovutwa ikavutika. Ulipita sokoni umenyooka. Ulipita nyuma ya shule umenyooka. Ulielekea moja kwa moja kwenye kiwanja namba arobaini, kiwanja cha Bwana Haraka.

Hapo ukapinda.

Ulipinda kama kiwiko, ukakizunguka kiwanja cha Haraka kwa adabu, ukakatiza katikati ya namba arobaini na moja, juu kabisa ya vile vyumba viwili, kisha ukarudi kwenye njia yake ukaendelea kunyooka hadi kwenye mabwawa ya kusafishia.

Timazi ramani hakusomea, lakini kamba anaijua.

"Binti," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "miaka thelathini navuta kamba. Kamba haipindi yenyewe. Ukiona imepinda, kuna mtu kaweka kigingi." Akagonga kidole mahali pale. "Hiki kakiweka nani?"

Bibi Ramani akainua macho. Akaja upande ule wa meza, upande ambao tofali lilikuwa limeufunika tangu lilipotuliwa, akainama. Tofali Moja naye akainama.

Bibi Ramani akaenda mlangoni. Akachungulia ukumbini, kulia na kushoto. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akaegemea mbao kwa mgongo wake.

"Mama," akasema, "mimi nilipouchora mstari huu, ulikuwa umenyooka."